Taa imewaka, bampa limekwaruzwa: cha kufanya kabla hela yako haijaenda kwa fundi

Wenye IST, Vitz, Raum, Passo, Spacio, Premio na hizi zingine zote za mtumba kutoka Japani, hii ni yenu. Naandika manake kila siku naona watu wanabadilishiwa vitu vizima kwenye gari zao. Taa ya injini imewaka asubuhi, jioni mtu ameshauziwa sensa mbili na pampu ya mafuta, kesho yake taa imerudi na hela haipo. Kwenye rangi ni hivohivo, mkwaruzo wa kupolishi tu mtu anapigiwa mlango mzima alafu ule mlango unakuja na rangi yake tofauti na gari. Inauma kwa kweli, hela zenyewe watu tunazipata kwa shida. Msimamo wangu ni mmoja, usinunue spea na usipige rangi kabla tatizo halijapimwa likajulikana ni nini, na sehemu kubwa ya kupima unaweza kuifanya mwenyewe hapo nyumbani, au basi usimame pembeni ya fundi ukiwa unajua anachofanya.

Tuanze na dashibodi. Weka ufunguo, zungusha mpaka ON bila kupiga stata, utaona taa zinawaka kwa pamoja: cheki injini, oili, betri, breki, ABS, eabegi. Hapo gari inajipima. Piga stata, taa zote zinatakiwa zizime, nyingine zinachelewa sekunde chache sio shida. Sasa sikiliza hapa, taa ambayo haiwaki KABISA ukiwa ON ni mbaya kuliko ile inayowaka na kubaki, manake wapo wanaochomoa balbu au kubandika tepu nyeusi nyuma ya dashibodi ili gari iuzike. Ukienda kuangalia gari ya mkononi mwa mtu fanya hiki kitu kwanza kabla hujafungua hata boneti, hesabu taa, ukiona ya cheki injini au ya eabegi haipo omba maelezo, na kama maelezo hayaeleweki ondoka.

Rangi za taa zina maana. Nyekundu simama, njano nenda ukapime mapema, kijani na bluu ni taarifa tu. Watu wengi wenye Vitz na IST wanashtuka kuona kialama cha kipimajoto cha bluu asubuhi, ile inamaanisha injini bado ya baridi, ikipata joto inazima yenyewe, wala usihangaike nayo. Ila kialama hicho hicho kikigeuka chekundu ni habari nyingine, nitaielezea.

Kuna taa ya O/D OFF nayo. Hii imewala watu mafuta miaka na miaka. Ni kibatani kidogo pembeni ya gia leva, ukikigusa bahati mbaya gari haiingii gia ya juu kabisa, injini inazunguka sana barabara kuu na mafuta yanaisha haraka. Kama imewaka na hupandi mlima wala huvuti mzigo bonyeza tena izime, basi. Ikiwa inawaka na kuzima yenyewe kama inapepesa, hapo ni gia boksi inalalamika, kapime.

Sasa nyekundu.

Ya oili, ile yenye umbo la kibirika kinachodondosha tone. Ikiwaka gari ikiwa inatembea hutakiwi kufika nyumbani, hutakiwi kufika hata sheli iliyoko mita mia tano mbele. Zima injini pembeni ya barabara hapo hapo, taa hii inasema presha ya oili imeshuka na vyuma vinasagana vikavu, dakika chache tu injini inanoki na hapo unazungumzia kununua injini nyingine. Gari ikae sehemu iliyo sawa, subiri dakika tano kumi oili ishuke chini, chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena usome. Ikiwa chini ya alama ya chini ongeza kidogo kidogo ukiwa unapima. Injini ya 1NZ iliyopo kwenye IST ya cc 1500, Spacio na wenzake inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwaiyo kile kidumu cha lita 4 ukimimina chote umezidisha, na mafundi wengi wanamimina chote. Kama stiki inaonyesha oili ipo ya kutosha na taa bado imewaka, usiwashe, ita gari ya kuvuta. Na kama gari yako ni otomatiki inayovuta kwa matairi ya mbele usikubali ivutwe kwa kamba safari ndefu matairi ya mbele yakiwa chini, gia boksi inaumia, waambie wanyanyue mbele au waipakie.

Ya betri. Wengi wanadhani inamaanisha betri imekufa, wanakimbilia kununua betri mpya, wiki ijayo mpya nayo imekufa. Taa hii inasema chaji haiingii. Chukua mita ya umeme, zile za bei ndogo zinatosha kabisa, pima betri gari ikiwa imelala usiku kucha: 12.6 hivi ni nzima imejaa, chini ya 12.2 imechoka au haijachajiwa. Washa injini upime tena, namba ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 basi alteneta haichaji, au feni belti imelegea au imekatika, fungua boneti uangalie kwanza belti maana hiyo ni ya bei nafuu. Ikiwa mvuto wa chaji upo vizuri na betri haishiki, hapo ndio betri. Kabla ya yote hayo angalia vichwa vya betri kama vimeota ule unga mweupe au wa kijani, toa waya ya hasi kwanza alafu chanya, mwagia maji ya moto yenye bekingi soda, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, rudisha chanya kwanza alafu hasi, paka grisi kidogo juu. Umeme ukishuka gari za siku hizi zinawasha taa nyingi kwa mpigo, ABS na ya usukani zinaweza kuwaka pamoja, kwaiyo ukiona taa tatu nne zimewaka ghafla usianze na sensa, anza na betri.

Ya breki. Angalia hendibreki kwanza kama imeshuka yote. Ikiwa imeshuka na taa ipo, fungua boneti angalia kichupa cha fluidi ya breki, kina alama ya MIN na MAX. Kikiwa kimeshuka kuna mambo mawili, ama breki pedi zimeisha na fluidi imefuata chini, ama kuna sehemu inavuja. Kuongeza fluidi na kuendelea na safari zako bila kuangalia pedi ni kujifichia ukweli. Na tafadhali sana, weka DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, usimruhusu mtu akuwekee oili ya injini au ya gia boksi humo, raba zote za breki zinavimba na breki zinagoma. Fluidi hii pia inakula rangi ya gari, ikidondoka kwenye fenda mwagia maji mengi hapo hapo usisubiri.

Ya joto ndio iliyoua injini nyingi zaidi mjini kwetu Dar. Foleni ya jioni, jua, AC imewashwa, mshale unapanda au kile kialama cha bluu kinawaka chekundu. Zima AC, washa hita ipulize moto wote ndani hata kama mtatokwa jasho, hiyo inapunguza joto la injini kidogo mpaka upate pa kusimama. Simama, zima. Usifungue mfuniko wa rejeta, narudia usifungue, maji mle ndani yapo kwenye presha na yamezidi nyuzi 100, yakitoka yanakubabua uso na mikono. Acha hata nusu saa na zaidi, mpaka paipu la juu la rejeta ukilishika linashikika. Alafu weka kitambaa kinene, fungua taratibu, ongeza maji kidogo kidogo. Usimwagie injini maji ya baridi kutoka nje, silinda hedi inapinda.

Baada ya hapo tafuta sababu, usiongeze tu maji kila siku. Washa gari, washa AC, nenda mbele uangalie feni ya rejeta inazunguka? Kama haizunguki kabisa angalia fyuzi na rilei, alafu mota yenyewe. Inazunguka vizuri? Basi angalia kama kuna matone chini gari ikilala, angalia paipu, angalia pampu ya maji. Maji yanapungua na huoni panapovuja, oili imekuwa kama chai ya maziwa, moshi mweupe unatoka nyuma hata injini ikishapata moto, hapo gasketi ya silinda hedi inahusika na ni kazi ya fundi wa injini.

Themostati sasa. Fundi wengi ukiwapelekea gari inayochemsha wanaitoa themostati wanaitupa, wanakwambia huku kwetu joto haihitajiki. Sio kweli kabisa. Themostati inafungua maji yapite ikifika nyuzi 82 hivi, ukiitoa injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani ni baridi, ile taa ya bluu inakaa muda mrefu, gari inakula mafuta, na kwenye mashine ya kusoma hitilafu inaweza kutoa namba P0128. Ikiwa mbovu inunuliwe nyingine, bei yake huwezi kuilinganisha na mafuta utakayopoteza.

Na maji yenyewe. Visima vingi vya Dar vina chumvi, kila mtu anajua ukionja. Maji hayo kwenye rejeta yanajenga magamba na kula vyuma, baada ya muda njia zinaziba na gari inachemsha bila sababu ya kuonekana. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, iliyochanganywa tayari, au kulanti na maji yaliyosafishwa, yale ya betri yanayouzwa sheli yanafaa, ila soma chupa vizuri usije ukachukua asidi ya betri, chupa zinafanana. Umekwama njiani umeweka maji ya bomba ufike nyumbani sawa, ukifika yamwagwe yawekwe ya haki.

Sasa taa ya njano inayosumbua kila mtu, cheki injini. Ikiwaka na kubaki imetulia, gari inatembea kawaida, una muda, siku mbili tatu ukapime. IKIPEPESA, yani inawaka na kuzima huku gari inatetemeka na haina nguvu, mafuta yanaingia kwenye silinda bila kuungua na yanaenda kuunguzwa kwenye masega ya bomba la moshi, kile kifaa cha ndani kinachosafisha moshi, masega yanayeyuka. Punguza mwendo, usikanyage sana, isogeze taratibu mpaka pa kuegesha.

Kupima iko hivi. Chini ya usukani, upande wa magoti ya dereva, kuna soketi ya matundu 16. Unaweza kununua kidude cha ELM327 cha bluetuthi, unakichomeka, unapakua programu kwenye simu kama Torque au Car Scanner na unasoma namba za hitilafu mwenyewe. Gari nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 vidude hivi vya bei ndogo havisomi, soketi ipo lakini lugha yake ni ya Kijapani, usikasirike na simu, peleka kwa mtu mwenye mashine kamili. Na ukipeleka, jambo moja la lazima: piga picha kioo cha mashine kabla hajafuta chochote. Wapo wanaofuta tu, taa inazima, unalipa, unaondoka umefurahi, siku ya tatu taa imerudi na ushahidi wa kwanza haupo tena. Kufuta ni hatua ya mwisho baada ya kutengeneza.

Namba inakwambia wapi pa kuanza kuangalia, haikwambii nunua nini. Hapa ndio hela zinapotea. Mashine ikisema P0171, mchanganyiko una hewa nyingi mafuta kidogo, fundi anasema sensa ya oksijeni imekufa. Huenda sensa iko sahihi kabisa na inaripoti ukweli, kuna paipu la hewa limechanika baada ya eya filta, au sensa ya hewa ina vumbi. Sensa ya hewa inasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, usiiguse kwa kidole wala kitambaa, kale kawaya ndani ni kembamba mno kanakatika. P0420 nayo, inayohusu masega, watu wanaambiwa toa masega, wakati mwingine ni bomba la moshi limetoboka kabla ya sensa ya nyuma, unachomelea tu.

Mfano ambao kila mwenye 1NZ anatakiwa kuujua ni gari kumisi. Mashine imetoa P0301, yani silinda namba 1 haichomi. Kwa kawaida utaambiwa nunua koili nne na plagi nne. Ngoja. Toa ule mfuniko wa plastiki juu ya injini, utaona koili nne zimepangwa mstari, kila moja imefungwa na bolti moja ya spana namba 10. Silinda namba 1 ni ya upande wa feni belti. Injini iwe imepoa. Chomoa soketi ya waya ya koili namba 1, taratibu, bonyeza kile kiulimi usikivunje maana plastiki imekaa kwenye joto miaka na imekuwa kavu kama biskuti. Fungua bolti, ivute koili juu huku unaizungusha kidogo. Fanya hivohivo kwa namba 2. Sasa badilishana, ya 1 iende 2, ya 2 iende 1, funga, futa namba kwenye mashine, tembea kidogo, pima tena. Ikitoka P0302 umekamata mwizi, koili ile mbovu imehama na ugonjwa wake, unanunua koili MOJA. Ikibaki P0301 koili ni nzima, sasa hamisha plagi vilevile kwa kutumia soketi ya 16, usizikaze kwa nguvu zote, anza kwa mkono mpaka igote. Plagi nazo zikihama na kosa likabaki namba 1 palepale, hapo unaangalia nozeli ya mafuta, waya, na kupima presha ya silinda, hiyo ya mwisho mwachie fundi. Kazi yote hiyo ya kubadilishana haikugharimu hata mia.

Ukishajua spea gani, nenda na ya zamani mkononi na picha ya namba ya chasisi. Gerezani, Kariakoo na Ilala pale vitu vipo vya kila aina, vipya, feki na vya mtumba vya Japani. Kwa koili, alteneta, sensa, mimi ningechukua mtumba wa Japani uliopimwa kuliko kipya cha boksi zuri ambacho hujui kimetoka wapi. Breki pedi, filta, belti, plagi hizo chukua mpya siku zote. Mwambie muuzaji kabisa kabla hujalipa kwamba ikigoma unarudisha, akikataa hama duka. Na kwa fundi, omba spea ya zamani uondoke nayo hata kama utaitupa, makubaliano ya bei yaandikeni hata kwa meseji ya WhatsApp, kaa hapo wakati inafungwa.

Masika yakiingia ongeza hili moja: ukipita kwenye maji yaliyojaa barabarani na gari ikazima katikati, USIPIGE STATA. Hewa ya injini inaingilia mbele chini kidogo tu ya boneti, maji yakinyonywa ndani ya silinda hayabonyezeki, koneketi rodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda kwa stata moja. Isukumeni mpaka pakavu, fungua eya filta, ikiwa imelowa itolewe plagi maji yatoke kwanza.

Tuje kwenye bodi na rangi, na hapa bodaboda, bajaji na kuta za maegesho zinatupa kazi kila wiki.

Osha kwanza hapo palipokwaruzwa, vingi vinavyoonekana mikwaruzo ni rangi ya gari nyingine imebandika juu ya yako. Kitambaa laini chenye thina KIDOGO sana, au kampaundi (dawa nzito ya kusugulia rangi), kinatoa hiyo. Alafu mwagia maji. Mkwaruzo ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, uko kwenye klia tu, safu ya juu isiyo na rangi, huo unapolishiwa. Pitisha ukucha, ukucha ukinasa umeenda chini zaidi. Angalia rangi ya ndani ya mkwaruzo: ukiona kijivu umefika kwenye praima, ile rangi ya chini kabisa, ukiona chuma kinang'aa una siku chache tu kabla ya kutu hasa kama unaishi pwani, Tanga, Dar, Zanzibar au Mombasa, hewa ya chumvi haisubiri.

Wa kwenye klia fanya mwenyewe. Msasa wa maji namba 2000, uloweke kwenye maji yenye sabuni kidogo, sugua kwa wepesi upande mmoja huku unamwagia maji, utaona pamefifia, usiogope, acha mara mkwaruzo unapokaribia kuisha, usikomae mpaka uishe kabisa maana klia ni nyembamba na ukiitoboa ndio umejitafutia kupiga rangi. Kausha, kampaundi kwa kitambaa laini mpaka pang'ae, malizia na polishi. Kona na mikunjo ya bodi usiguse kwa msasa, rangi pale ni nyembamba kuliko sehemu zote.

Kijeraha kidogo cha jiwe kwenye boneti, safisha, kama kuna kutu ikwangue mpaka chuma, paka praima kwa ncha ya kijiti cha meno, ikauke, alafu rangi tone kwa tone safu mbili tatu nyembamba ikikauka kila moja, mwisho klia. Hutapata kama kiwandani lakini kutu umeizuia, na hicho ndicho cha muhimu.

Bampa la plastiki likibonyea bila kupasuka mwagia maji ya moto yanayochemka, sukuma kwa nyuma ukivaa glavu, linarudi. Mlango au fenda ya chuma hairudi hivyo, tafuta fundi wa kunyoosha. Fundi mzuri ananyoosha chuma kwanza, puti ni ya kusawazisha tu. Fundi mvivu anajaza puti kwenye shimo, inaonekana safi miezi kadhaa alafu inapasuka na kudondoka kipande. Unaweza kupima mwenyewe, chukua sumaku ndogo uifunge kwenye kitambaa, pitisha kwenye bodi, pasiposhika pana puti nene. Fanya hivyo pia ukienda kununua gari.

Kama lazima kupiga rangi, usimwambie fundi "nyeupe" au "silva". Gari yako ina namba ya rangi. Fungua boneti angalia kibati kwenye ukuta wa nyuma ya injini, au kwenye nguzo ya mlango wa mbele, Toyota wanaandika COLOR na namba tatu: 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, 1F7 silva, 070 ni ile nyeupe ya lulu. Peleka namba kwenye duka la kuchanganya rangi, ila rangi yako imeshapigwa na jua miaka kumi kumi na tano, kwaiyo lazima wachanganye alafu wajaribu kwenye kikadi, kikauke, ukiweke juu ya gari nje kwenye jua, sio ndani ya karakana. Mfuniko wa tenki la mafuta unatoka kirahisi, huo ndio sampuli nzuri ya kubeba dukani.

040 na 202 zinasameheka, unaweza kupiga paneli moja na isionekane. Silva na lulu hazisameheki. Silva ina chembe za chuma zinazolala tofauti kila fundi anavyopuliza, na lulu ni safu tatu, msingi, lulu yenyewe, klia. Kwa hizi mwambie fundi afifishe rangi mpaka kwenye paneli ya jirani na klia ipigwe paneli zote mbili, bei inapanda kidogo lakini mlango hautaonekana wa kuazima. Uliza pia anapiga NC au 2K. NC inakauka haraka na ni nafuu, inafifia haraka pia, 2K inachanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, na inadumu. Siku yenye unyevu mwingi au mvua imetoka kunyesha ahirisha, rangi inatoa ukungu mweupe, na kupiga nje chini ya mti upepo ukivuma utakuta vumbi na wadudu wamelala kwenye klia. Kabla hajapuliza pita mkono kote kwenye puti na praima, mkono unasikia mawimbi ambayo jicho halioni, na praima ikishafunikwa na rangi huwezi kurekebisha bila kurudia. Raba za vioo, taa na nembo zitolewe, ukiona anazizungushia tu magazeti na tepu jua kwamba rangi itaanza kubanduka hapo pembeni.

Taa za mbele zilizokuwa njano usinunue nyingine kwanza. Msasa wa maji 1000, alafu 2000, alafu 3000, kampaundi, zinarudi nyeupe. Dawa ya meno inasaidia siku chache tu. Bila kupaka klia inayozuia jua baada ya hapo zinarudi njano ndani ya miezi, kwaiyo malizia kazi.

Na rangi mpya ikishatoka kwa fundi, wiki ya kwanza isioshwe kwa sabuni wala isipitishwe kwenye maji ya presha, maji matupu ya kumwagia tu, na polishi au waksi subiri mwezi hivi mpaka thina itoke yote. Usiegeshe chini ya mwembe, utomvu na kinyesi cha ndege vinaunguza klia changa, kikidondoka kiloweshe kwanza kilainike ndio ukifute. Ukiosha kwa maji ya kisima chenye chumvi kausha kwa kitambaa pale pale, ukiacha yakauke juani unabaki na madoa meupe ya chumvi na kuyatoa unarudi tena kwenye kampaundi.